Barafu Kwanza, Vigelegele Baadaye

Jasho la Nairobi hukauka, jasho la Mombasa hudondoka. Anayekimbia katika msitu wa Karura Jumamosi asubuhi hurudi na chumvi nyeupe kwenye paji la uso na fulana iliyokaribia kukauka, kwa kuwa hewa ya mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari ni baridi na nyepesi, na kila tone linalopotea hewani huchukua joto la mwili na kwenda nalo. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa takriban kilojuli 2,400. Lita hiyo hiyo ikichuruzika mpaka kwenye lami haiondoi kitu. Pwani hewa tayari imeshiba unyevu, kwa hiyo mtu hutoka jasho zaidi na kupoa kidogo. Ukilielewa hilo moja, utajua kwa nini kikundi kinachosafiri na marafiki kwenda kuwashangilia kwenye marathoni ya Mombasa kinapaswa kubeba sanduku la barafu kabla ya kufikiria vuvuzela.

Wakimbiaji wa Nairobi husema wanashuka usawa wa bahari, oksijeni ni tele, kwa hiyo watapaa. Oksijeni ipo kweli. Joto huila faida yake yote. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 za mazoezi katika joto kabla ya kulizoea: damu huongezeka maji, jasho huanza mapema na kupungua chumvi. Mtu aliyefika Ijumaa usiku na kukimbia Jumapili hajazoea lolote, hata kama ana medali ishirini ukutani.

Kwa wabishi ipo mifano. Machi 24, 2007, Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo, alijitoa katika mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ubingwa. Hizo zilikuwa kilomita 12 tu. Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianzishwa karibu saa sita usiku ili kulikwepa jua, na bado kati ya wanawake 68 walioanza ni 40 waliomaliza. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43. Januari ya mwaka huo huo alikuwa amekimbia Dubai kwa 2:17:08. Ikiwa mshindi wa dunia aliongeza dakika 15 na zaidi, rafiki yako wa saa nne hana sababu ya kuona haya akiongeza 40.

Mazungumzo hayo yafanyike Jumamosi jioni, mezani, kila mtu akiwa na akili zake. Lengo la muda lishushwe hapo. Ni hapo pia mnapokubaliana sheria ya kumtoa mtu barabarani, maana mkimbiaji aliyezidiwa na joto ni wa mwisho kujua kwamba amezidiwa. Nitairudia sheria hiyo chini.

Kwanza safari. Treni ya SGR inafaa kuliko basi, kwa sababu saa tano hivi za kukaa si sawa na usiku mzima wa kukunja magoti kwenye Barabara ya Mombasa. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500. Tiketi za wikendi huisha mapema, za kurudi hasa, kwa hivyo kata zote mbili siku moja. Fika kituo cha Syokimau angalau saa moja kabla ya treni kuondoka, kitambulisho mkononi: mizigo hupangwa mstari ikanuswa na mbwa, halafu hupitishwa kwenye mashine. Kisu cha kukatia matunda kitabaki hapo. Mengi mtakayohitaji yananunuliwa Mombasa, na haina maana kubeba maji kutoka Nairobi. Ya kubebwa ni sanduku la barafu la lita 25 hivi likiwa bado halina barafu, ndani yake mmejaza taulo, leso sita za pamba, sponji kumi na mbili za kuoshea vyombo ambazo hazijatumika, stokingi za nailoni jozi tatu, chumvi, mafuta ya Vaseline, plasta, na mwavuli mmoja wa rangi kali. Daraja la kawaida viti vinatazamana na magoti hugusana. Ni heri wakimbiaji wapewe viti vya kando ya njia wanyooshe miguu.

Kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa. Kuna matatu za kuingia mjini na teksi za kutosha. Mkifika usiku mko wengi na mizigo, kodini gari moja. Malazi tafuteni upande ule ule wa maji na mahali pa kuanzia mbio. Daraja la Nyali likifungwa asubuhi ya mbio, aliyelala upande wa pili kwa sababu chumba kilikuwa nafuu ataamka saa tisa usiku.

Sasa barafu. Katika hewa kavu ungemmwagia mkimbiaji maji ya kawaida na upepo ungefanya kazi iliyobaki. Pwani maji hayo hukaa mwilini yakawa moto kama jasho lenyewe. Barafu haitegemei hewa: kilo moja ikiyeyuka hufyonza kilojuli 334, kuwe na unyevu kusiwe na unyevu. Kwa wakimbiaji watatu tunakadiria kilo 12. Nusu nunua Jumamosi jioni madukani au kwa wauza samaki, ukiuliza wazi kama imetengenezwa kwa maji ya kunywa. Iliyokusudiwa samaki itumike nje ya mwili tu, isiguse kinywa. Nusu nyingine tengeneza mwenyewe: chupa za nusu lita zilizojazwa robo tatu, zilazwe kwenye friza ya mwenye nyumba tangu Jumamosi mchana. Ukizijaza pomoni zitapasuka. Na usitegemee mifuko ya plastiki ya kubebea, ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017. Ndoo ya lita 10 yenye mfuniko ndiyo jibu. Maji ya bomba au kisima katika nyumba nyingi za pwani yana chumvichumvi. Ukimmwagia mtu usoni yanawasha macho, kwa hiyo hata ya kumwagia, onja kwanza.

Stokingi ndiyo siri ambayo watu hucheka mpaka waione ikifanya kazi. Kata mguu mmoja, jaza vipande vya barafu viganja viwili, funga ncha zote mbili, na una nyoka wa baridi anayezungushwa shingoni na kufungwa fundo moja. Hukaa dakika 15 hadi 20. Kipande kingine chini ya kofia. Kumwagia maji kuna namna yake: mkimbiaji ainame kidogo mbele, maji yapite kisogoni na kudondoka mbele ya miguu. Ukimwaga kutoka juu akiwa amesimama wima, maji hushuka mgongoni, yakaingia kwenye viatu, na kufikia kilomita ya 30 soksi zilizolowa zimeshatengeneza malengelenge. Tumeona watu wengi zaidi wakichechemea kwa sababu ya msaada wa namna hii kuliko kwa sababu ya kuanza kwa kasi.

Kuhusu kinywaji, tofautisha kiu na chumvi. Madafu ni mazuri na yako kila kona, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho linalopotea ni la chumvi, yaani sodiamu. Kwa hiyo dafu liwe la baada ya mbio, na hata hapo liandamane na kitu chenye chumvi. Wakati wa mbio changanya mwenyewe: lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vya kusawazishwa, visiwe vya kurundika. Kamulia ndimu. Mkimbiaji awe ameujaribu mchanganyiko huo Nairobi kwenye mazoezi marefu. Asubuhi ya mbio si siku ya kujifunza tumbo linakubali nini. Vivyo hivyo Jumamosi: viazi karai na mishkaki ya barabarani ni halali yenu washangiliaji. Wakimbiaji wale wali mweupe na samaki, wapitie mbali pilipili na tui zito, na mahamri yangoje Jumapili saa tano.

Kunywa kupita kiasi ni hatari yenye takwimu. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 mwishoni, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kiwango. Wengi waliopatwa walikuwa wameongezeka uzito njiani, maana yake walikunywa kuliko walivyotoka jasho. Wa polepole ndio walio hatarini zaidi, kwani hukaa barabarani muda mrefu na hupita kila meza ya maji wakinywa kwa adabu. Mshangiliaji anayemsukumia rafiki chupa kila anapomwona anaweza kumdhuru kwa mapenzi. Mpe achague. Akisema hana kiu, mpe barafu shingoni umwache aende.

Mahali pa kusimama huamuliwa na saa na kivuli. Tunachagua sehemu tatu na utepe wa kumalizia: karibu na kilomita 18, 27 na 34. Kabla ya hapo mtu bado yuko sawa na kumsimamisha ni kumpotezea mdundo. Mbio zikianza saa 12 asubuhi, mkimbiaji wa dakika 6 kwa kilomita atapita kilomita 18 saa 1:48, kilomita 27 saa 2:42, kilomita 34 saa 3:24, na kumaliza saa 4:13. Mwendo wake ukishuka na kuwa wastani wa dakika 7, kilomita 27 ni saa 3:09, kilomita 34 ni saa 3:58, na utepe saa 4:55. Andika nyakati zote mbili kwenye kadi. Kabla ya ya kwanza, tulia. Ikipita ya pili bila kumwona, mmoja aanze kutembea kinyume cha mbio akimtafuta, mwingine abaki na barafu.

Msitegemee kuhama kwa tuktuk, kwa sababu barabara zimefungwa na madereva hukwama mahali ambapo hamkutaka. Tazama ramani ya njia siku ya Jumamosi, tafuta mahali ambapo kwenda na kurudi kunapita pamoja au ambapo unaweza kukata kwa miguu kilomita moja na nusu ukafika sehemu ya pili. Barabara inayoelekea kaskazini na kusini huwa na kivuli cha asubuhi upande wa mashariki, chini ya majengo. Simama hapo, mkimbiaji aje kwenye kivuli hata kwa sekunde thelathini. Darajani hakuna kivuli kabisa, kwa hiyo barafu itolewe kabla ya daraja. Mombasa jua huchomoza karibu saa 12 na robo, na ikifika saa 3 na kitu kivuli chako hulingana na urefu wako. Kikishakuwa kifupi kuliko wewe, acha kumwagia maji, mpoze kwa barafu tu. Ni kipimo cha bure na hakihitaji betri.

Mkimbiaji ajue mko mkono gani wa barabara, daima ule ule, na atafute mwavuli. Uso wa rafiki katikati ya watu mia mbili hauonekani kwa mtu aliye kilomita 34.

Kelele zenyewe zina kanuni. Kayamba ni nzuri kuliko vuvuzela kwa sababu ina mdundo na haimwumizi masikio mwenzako mnayesimama naye saa nne. Lakini shida ni maneno. Nairobi tumezoea kumpigia mtu "Kaza! Kaza! Umefika!" na kwenye mbio za Oktoba asubuhi ya baridi halidhuru neno hilo. Kwenye joto, "kaza" huambiwa mtu ambaye mwili wake unamsihi apunguze, naye atakusikiliza wewe. Sema mambo ya kweli na madogo: "Meza ya maji iko mita mia tatu." "Tembea mpaka kwenye mti ule." "Mwendo ni mzuri, usiongeze." Usimdanganye umbali. "Umebakisha kidogo" ikisemwa kilomita 31 ni uongo unaomfanya atumie akiba yake yote kwa kilomita mbili, kisha anagundua zimebaki tisa. Na usikimbie kando yake. Kwenye mbio nyingi hilo ni kosa linaloweza kumtoa mtu kwenye matokeo. Kanuni za kupokea chupa nje ya meza rasmi nazo hutofautiana, wa mbele hubanwa zaidi, hivyo someni kijitabu cha mbio.

Kila mkipokea mtu, mmoja afanye kazi moja tu: amtazame. Anapokuja, je, anakwenda mstari mmoja au anayumba? Mabega yameinama upande mmoja? Ana vipele vya baridi mikononi kwenye jua kali, au anasema anasikia baridi? Hiyo si dalili ya kupoa. Uliza swali lenye jibu moja: "Arobaini na mbili toa ishirini na saba ni ngapi?" Usiulize "Uko sawa?" kwa sababu kila mkimbiaji yuko sawa mpaka aanguke. Hapo ndipo sheria ya Jumamosi inaingia: akikosa jibu, anakaa kivulini dakika tano na barafu. Akikosa la pili, mbio zimeisha, hakuna mjadala, na alikubali mwenyewe akiwa na akili timamu. Tazama pia vidole. Pete inayobana, kamba ya saa iliyozama kwenye ngozi, kichefuchefu na kichwa kuuma kwa mtu aliyekunywa kila meza huashiria maji kuzidi. Huyo asipewe maji zaidi, apelekwe kwa wahudumu wa afya. Na yeyote asimpe mkimbiaji dawa za maumivu kutoka mfukoni. Nyingi zake huchosha figo ambazo tayari zina kazi.

Akianguka akiongea ovyo au haongei, mchukulie kuwa joto la ndani limepita nyuzi 40 mpaka mhudumu athibitishe vingine. Mmoja apige 999 au 112 na kumwita mhudumu wa karibu, wengine waanze kupoza papo hapo. Kosa kubwa ni kumpakia kwenye tuktuk kumkimbiza hospitali akiwa bado anachemka. Apozwe kwanza, asafirishwe baadaye, na kila dakika ndani ya nusu saa ya kwanza ina thamani. Mlaze kivulini, mvue fulana na viatu, chovya leso kwenye ndoo ya maji ya barafu umfunike kifua, tumbo na mapaja. Leso hupata moto kwa dakika mbili tatu, ndiyo sababu ziko sita: tatu mwilini, tatu ndooni, zikibadilishana bila kusimama. Barafu kwapani, shingoni na kwenye kinena. Mwingine apepee kwa kofia. Usimpe kitu mdomoni kama hajitambui. Penye hema la huduma ya kwanza lenye beseni kubwa la maji ya barafu, hilo ni bora kuliko leso zote, basi jueni lilipo kabla ya mbio kuanza. Nyuma ya nambari ya kifuani yaandikwe tangu Jumamosi jina, simu ya mmoja wenu, na ugonjwa wowote alio nao.

Utepeni kuna jambo linalowatisha wageni: watu huanguka mara tu baada ya kumaliza. Mara nyingi si joto. Miguu iliyokuwa ikisukuma damu kurudi juu imesimama ghafla, damu imebaki chini. Mtu huyo hujibu maswali vizuri. Mlaze, inua miguu yake, dakika chache atakaa. Njia ya kuzuia ni kumpokea mita hamsini baada ya utepe, badala ya kwenye utepe wenyewe, ili alazimike kutembea.

Washangiliaji pia huugua. Mmesimama saa tano juani mkibeba ndoo na hamkulala. Peaneni zamu, kofia za ukingo mpana, na kila mtu anywe cha kwake, asidokoe cha wakimbiaji.

Mkimaliza, mkimbiaji apewe slipa, nguo kavu na kitu cha chumvi ndani ya nusu saa, kisha mahamri na mbaazi zake. Aliyemaliza saa tano akitegemea treni ya alasiri atapanda na chumvi kwenye ngozi na hasira, kwa hiyo kateni ya usiku mpate mchana wa kuoga, kulala na kukaa kwenye upepo wa bustani ya Mama Ngina kando ya bahari. Ndani ya treni mwamshe kila saa atembee behewa moja na kurudi. Mkishuka Syokimau kabla ya alfajiri, bebeni mizigo yake na mwacheni ashuke ngazi kinyumenyume, ameshika reli. Mapaja yatakubali hivyo tu mpaka Jumatano.